Nina elfu kumi na tano, na kampuni tatu zinaniita

Msomaji mmoja, aliyeomba nisitaje jina lake, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Bi. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mikindani, Mombasa, na nina watoto wawili. Nimejiwekea akiba ya shilingi 15,000 na nataka kuwa mwakilishi wa mojawapo ya hizi kampuni zinazouza bidhaa mkono kwa mkono, nipate cha kuongezea mshahara. Wifi yangu yuko kwenye kampuni ya virutubisho vya lishe. Ananisukuma niingie kwa kifurushi cha 60,000, asema nitaanzia ngazi ya juu, na pesa zilizopungua nikope kwenye chama. Mwalimu mwenzangu ananiita kwenye kampuni ya vipodozi yenye katalogi. Na kijana wa jirani asema kuna kampuni mpya, unalipa 5,000, unalipwa kwa kila mtu unayemleta, na bidhaa zitakuja baadaye. Nichague ipi?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza pesa ikiwa bado mkononi, maana wengi hunijia imeshatoka.

Nianze na ya kijana wa jirani, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usitie hata shilingi moja. Unalipa ili uingie, kisha unalipwa kwa sababu umemwingiza mwingine, na bidhaa "zitakuja". Hiyo ni piramidi. Pesa ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana, na siku wanaoingia wakipungua, walio chini hawana wa kumdai. Kenya jambo hili hatusimuliwi. Miradi ya namna hiyo ilipoporomoka karibu mwaka 2007, jopo lililoundwa na serikali kuichunguza lilikuta kwamba Wakenya walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8, na wengi waliingizwa na watu waliowaamini, kanisani, kazini na kwenye vyama vyao. Piga hesabu mwenyewe: unaleta watu watano, kila mmoja wao analeta watano, na kuendelea hivyo. Ngazi ya tisa peke yake inahitaji watu 1,953,125. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa, pamoja na hao watoto unaowafundisha.

Zile mbili zilizobaki ni jambo jingine, na sitaki uzitie kapu moja na hiyo ya tatu. Biashara ya mtu kumuuzia jirani yake bidhaa ya kampuni ni ya zamani na ni halali. Kampuni ya vipodozi ya Avon ilianza hivyo mwaka 1886 huko Marekani, wanawake wakipita nyumba kwa nyumba na manukato. Shida huanza pale kampuni inapowapa watu bidhaa za kuuza, lakini faida kubwa inatokana na hao hao wauzaji kununua mzigo na kuandikisha wauzaji wengine. Kwa nje kampuni mbili zaweza kufanana kabisa: katalogi nzuri, mkutano hotelini, mtu aliyepewa gari akishangiliwa jukwaani. Kinachozitofautisha ni swali moja, na ndilo ningetaka ulibebe popote utakapokaribishwa: pesa inayolipwa wawakilishi inatoka kwa nani? Kwa mama aliyenunua losheni kwa sababu anaitaka losheni, au kwa mwakilishi mwenzako aliyenunua ili asishuke ngazi?

Usione swali hili ni langu tu. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni kubwa ya virutubisho, ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipe dola milioni 200 za kuwafidia waliopoteza pesa, na ibadilishe namna ya kuwalipa watu wake nchini humo. Sharti moja lilikuwa kwamba angalau theluthi mbili za malipo ya wawakilishi zitokane na mauzo yaliyofuatiliwa na kuthibitishwa. Sharti hilo ni la Marekani, halimbani mtu Mombasa. Lakini kipimo ni kipimo. Mwombe wifi yako akufungulie simu akuonyeshe malipo yake ya mwezi uliopita, akupigie hesabu: katika pesa hii, ngapi imetoka kwa wateja ambao si wanachama? Akishindwa kukujibu si kwamba ni mwongo. Huenda hakuna aliyewahi kumfundisha kulitazama jambo hilo, na hapo utakuwa umeshaijua kampuni yake inathamini nini.

Sasa hiyo 60,000. Hili linanihuzunisha kwa sababu naliona mno, na nyingi ya pesa hizo ni za mikopo ya chama. Unapoambiwa "utaanzia juu", unachonunua ni cheo. Mteja hata mmoja hajaingia ndani ya kifurushi hicho. Utabaki na makopo chini ya kitanda, tarehe ya kuisha matumizi inakaribia, na joto la kaskazi linaingia dirishani kutoka Desemba hadi Machi. Vidonge vya mafuta hugandamana, rangi ya mdomo hulegea, krimu hujitenga maji. Na chama hakitangoja uuze. Jumapili ya mkutano ikifika, rejesho linatakiwa. Kampuni inayojiamini humruhusu mtu aanze kidogo, kwa ada ndogo ya fomu na katalogi, kisha aagize kulingana na oda alizonazo mkononi.

Kwa hiyo kabla ya yote ulizia habari ya kurudisha mzigo. Shirikisho la dunia la vyama vya kampuni hizi, WFDSA, lina kanuni za maadili zinazosema kwamba mwakilishi anayejitoa arudishiwe pesa za bidhaa zilizo katika hali ya kuuzika, alizonunua ndani ya miezi 12 iliyopita, na kampuni ikate isiyozidi asilimia 10. Uliza kampuni zote mbili: mko chini ya kanuni hizo? Nikirudisha, narudishia wapi, napata ngapi, baada ya siku ngapi? Jibu liwe la maandishi kutoka kwa kampuni, lenye jina lake. Neno la aliyekuingiza halitoshi hapa, hata akiwa wifi na hata akiapa, kwa sababu si yeye atakayerudisha hizo pesa.

Tuje kwenye faida, maana hapa watu huoneshwa asilimia na hawaoneshwi shilingi. Tuseme chupa ya losheni katalogi imeiandika 1,200 na wewe mwakilishi unaipata kwa 900. Unaambiwa "asilimia 25, hakuna biashara inayokupa hivyo". Haya. Sasa kampuni inataka uagize bidhaa za 8,000 kila mwezi ili ulipwe bonasi. Unachukua chupa tisa, unatoa 8,100. Ukiziuza zote taslimu unapata 10,800, faida 2,700. Ondoa nauli za kwenda mjini kuchukua mzigo, tuktuk za kupelekea watu, ada ya kutuma pesa na bando za kuweka picha kwenye status. Na hapo hatujagusa deni. Wateja wawili tu wakikwambia "mwisho wa mwezi" na mwisho wa mwezi usifike, mkononi una 8,400. Faida yako ya mwezi mzima imekuwa shilingi 300, na hiyo ndiyo ilikuwa nauli.

Nitakaa kidogo kwenye deni, kwa sababu Mombasa ndilo linalozika biashara hizi kuliko ubaya wa kampuni. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Mteja wako ni jirani, ni mama wa rafiki ya mwanao, ni mtu mliyekaa naye juzi kwenye mkeka wa harusi. Anachukua manukato leo akicheka. Wiki tatu baadaye akikuona stejini anapita upande wa pili. Umepoteza pesa na umepoteza mtu. Kampuni haikubebei hasara hiyo hata kidogo, kwa kuwa wewe ulishalipa kabla ya kupewa mzigo. Ndiyo maana nakwambia oda iandikwe, nusu ya bei itangulie, na iliyobaki ilipwe bidhaa ikikabidhiwa. Kwa wale wasioweza kulipa mara moja, fanyeni mchezo: watu sita, kila mmoja anatoa 200 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao anachukua chupa yake. Wanawake wa mitaa yetu wanaujua mtindo huo tangu zamani kwa vyombo na vitenge, na mzigo wako utakuwa umelipwa kila wiki. Hakikisha tu kwamba kila mmoja wao ni mtu wa kuaminika, kwa sababu wa kwanza kuchukua akiacha kutoa, pengo ni lako.

Na wewe una jambo la ziada, kazi yako. Wazazi wa watoto wa darasani kwako ni soko linaloonekana rahisi. Nakusihi usilianzie hapo. Mzazi anayeogopa kumkatalia mwalimu wa mwanawe hajanunua kwa hiari, na mzazi mwenye deni nawe hatakuja kukuuliza mtoto anasomaje. Zungumza na mwalimu mkuu kwanza, ujue shule inaruhusu nini. Walimu wenzako ni sawa, majirani ni sawa, wanawake wa chama ni sawa.

Bidhaa yenyewe uipimeje? Usiipime kwa mkutano. Kabla ya kujiandikisha popote, mwombe mwalimu mwenzako akuazime katalogi kwa wiki moja, uwapitishie watu kama kumi ambao hawatakuonea haya. Usiwaambie habari ya kujiunga. Waonyeshe bidhaa na bei, basi, halafu usikilize. Wangapi wangelipa leo? Na katika hao, wangapi wataimaliza chupa na kuitaka nyingine? Hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, maana mtu mmoja anayerudi kila mwezi wa pili ana faida kuliko watano walionunua mara moja kwa kukuonea huruma. Sikiliza pia wanapokwambia "hii Marikiti ni nusu bei" au "kuna duka Biashara Street wana kama hii". Wanakufundisha soko bure. Mji huu una wauzaji wa udi, mafuta ya nazi na marashi waliokaa hapa vizazi na vizazi. Krimu nzito iliyotengenezewa nchi za baridi haitawashinda katika unyevu wetu, lakini losheni nyepesi, sabuni ya uso, au manukato yenye harufu ya kukaa yanaweza kupata watu.

Zingatia na majira. Siku za mwisho za Ramadhani kuelekea Idi watu hununua manukato na zawadi. Kabla ya mwezi huo kuandama harusi hufuatana, na vipodozi hutoka. Januari ni karo, mwanangu. Kampuni inayokulazimisha kiwango kile kile cha ununuzi Januari na mwezi wa kuelekea Idi haijui mifuko ya watu wako. Na wateja wengi watakuuliza kama ni halali: je, kidonge kimetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani, je, manukato yana alkoholi? Hili si swali la kujibu kwa kubahatisha. Kama kampuni haina jibu lenye cheti, mwambie mteja kwamba hujui, naye ataamua mwenyewe.

Virutubisho vya wifi yako vina hatari nyingine inayonitia hofu zaidi ya hiyo 60,000. Wauzaji wengi wa bidhaa hizo, wakishabanwa na lengo la mwezi, huanza kusema kwamba zinatibu sukari, presha, uvimbe. Mimi nakuomba usiuze kitu chochote ambacho hakiuziki bila maneno hayo. Mgonjwa wa sukari akiacha dawa za hospitali kwa ajili ya kopo ulilomuuzia wewe, hakuna kamisheni itakayokuondolea lile jambo moyoni. Dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu; kirutubisho si dawa, na anayekiuza kama dawa anavunja sheria hata kama maneno yale aliyasikia jukwaani. Nenda kwenye mkutano wao mmoja, ukae nyuma, usikilize tu. Wakitoa ushuhuda wa maradhi zaidi ya wanavyoeleza kilichomo kwenye kopo, inuka uende zako.

Kwa upande wa vipodozi, tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye pakiti. Kwa bidhaa za hapa nchini, nambari iliyo chini ya alama unaweza kuithibitisha kwa kutuma SM#, ikifuatwa na nambari hiyo, kwenda 20023. Zilizotoka nje zina stika yake. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kwa hiyo ukiona krimu inaahidi weupe wa haraka na orodha ya viungo haisomeki, usiiguse. Ngozi ya mtu ikiharibika atakujia wewe nyumbani. Kampuni hatajua hata iko wapi.

Karatasi za kampuni zisikuchukulie muda mrefu. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na ukikwama wapo wa kukusaidia Huduma Centre pale GPO, Digo Road. Usajili peke yake si dhamana, maana hata matapeli husajili kampuni. Unakuonyesha tu kwamba kuna mtu wa kumshika. Kampuni inayolipa kamisheni kihalali itakuomba PIN ya KRA, kwa kuwa mapato hayo yana kodi. Uliza pia mzigo unachukuliwa wapi Mombasa, au unatumwa kutoka Nairobi kwa gharama ya nani, na chupa ikipasuka njiani hasara ni ya nani.

Jambo moja husahauliwa: kampuni nazo hufa. Septemba 2024 Tupperware, kampuni ya vyombo vya plastiki iliyoanza mwaka 1946, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake huko Marekani, mwezi mmoja tu baada ya Avon Products kufanya hivyo hivyo. Kama majina hayo yaliweza kuyumba, basi usijenge maisha juu ya ngazi za kampuni yoyote. Weka daftari lako mwenyewe la wateja: jina, simu, alichonunua, siku gani kitamwishia. Na kabla ya kutia sahihi soma mkataba unasemaje kuhusu kuuza bidhaa za wengine. Usikubali kifungu kinachokufunga mikono baada ya kuondoka.

Kuhusu pesa utakayopata, sitakudanganya. Mwaka 2024 maafisa wa tume hiyo ya Marekani niliyoitaja walichambua taarifa za mapato ambazo kampuni 70 za namna hii, zinazouza kupitia mtandao wa wawakilishi, zilikuwa zimezitoa zenyewe. Katika kampuni nyingi, idadi kubwa ya wawakilishi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama. Huko ni kwenye pato kubwa kuliko letu. Basi ichukue kazi hii kama ya kulipia gesi, nauli na vitabu vya watoto. Anayekwambia uache kufundisha, muulize yeye aliacha kazi gani na sasa analipa kodi ya nyumba kwa pesa ipi.

Kwa hali uliyonieleza, mimi ningeingia kwa mwalimu mwenzako, na hata hapo kwa masharti: bidhaa zipite kwa wale watu kumi, ada ya kuingia iwe ndogo, usilazimishwe kununua kila mwezi ili ubaki mwanachama, na jibu la kurudisha mzigo liwe kwenye karatasi. Katika hiyo 15,000 toa isiyozidi 5,000. Nunua vile tu vilivyoagizwa, ukibakisha kidogo cha sampuli. Ile 10,000 isiguse biashara hii mpaka miezi minne ipite na daftari lioneshe faida baada ya nauli. Sharti moja likikataliwa, baki na pesa zako; kampuni nyingine zitakuja, hazikosekani.

Amebaki wifi. Najua ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kampuni unaikataa kwa simu lakini wifi mtakutana naye kwenye kila shughuli ya nyumba. Mwendee mwenyewe, msikae na watu wa kundi lake. Mwambie hukopi chama kwa biashara yoyote, iwe yake au ya mwingine, na hilo ni la kweli. Kama ana bidhaa moja unayoitumia kwa dhati, inunue kwake na umlipe taslimu, bila kujiandikisha. Huenda ukawa mteja wake wa kwanza asiye mwanachama. Akikuuliza mbona umeingia kwingine, mfungulie daftari mpige ile hesabu ya chupa tisa pamoja, kwa bei za kampuni yake. Usimbishie. Yeye naye ana pesa zake mle ndani, na pengine anahitaji mtu wa kukaa naye akahesabu.

Ukishapata jibu la kampuni ya vipodozi kuhusu kurudisha mzigo, nitumie picha ya karatasi yenyewe kabla hujalipa. Tutaisoma pamoja.